Mwalimu Aliyenizuia Kukimbia Katesh

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia vijana wakizungumza habari za kufadhili wanariadha. Ilikuwa asubuhi ya baridi kule Katesh, wilayani Hanang, mwezi wa saba, upepo ukitelemka kutoka mlimani na kurusha vumbi la uwanja mpaka machoni. Nilikuwa darasa la saba. Nilivaa bukta ya kaka yangu, nimeikaza kiunoni kwa kamba, na nilikuwa na uhakika kwamba kabla ya mchana kufika maisha yangu yangekuwa yamebadilika. Yalibadilika, ila si kwa namna niliyoitegemea.

Nakusimulia wewe kwa sababu mwaka huu umeanza kulea wanariadha wa shule, na umepewa jukumu la kupendekeza nani asomeshwe na nani asubiri. Ni kazi nzuri. Ina upande wake mgumu, na upande huo sidhani kama waliufundisha kwenye ile semina yenu.

Kwetu ni Tlawi, Mbulu, kando ya ziwa, kama unavyojua. Baba alilima mahindi, maharage na ngano kidogo, na alikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa. Miaka ile kumaliza shule ya msingi hakukuwa na maana ya kwenda sekondari. Waliochaguliwa walikuwa wachache, na wasichana walikuwa wachache zaidi. Dada zangu walimaliza darasa la saba wakaolewa. Sikuona huzuni katika jambo hilo. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na mtoto huzoea anachokikuta.

Mimi nilichokuwa nacho ni mbio. Mwalimu Gwandu, aliyetufundisha hesabu na kusimamia michezo, aliniona nikiwa darasa la tano, akaniweka na wasichana wakubwa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, mwenye sweta moja la kijani alilolivaa mwaka mzima. Alitukimbiza kutoka ziwani kupandisha mpaka kanisani, mara mbili kwa wiki, na mwenyewe alikimbia nyuma yetu ili asiachwe mtu njiani. Nilipofika darasa la saba hakukuwa na msichana wa kunishinda katika tarafa yetu. Aliyenifuata kwa karibu alikuwa Veronika. Huyu Veronika alikuwa mtoto wa kaka yake Mwalimu Gwandu, na aliishi nyumbani kwa mwalimu. Shika hilo, maana ndilo lililoleta maneno.

Kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana upande wa Kilimanjaro iliyochukua msichana mmoja kila mwaka kutoka wilaya zetu hizi, Mbulu na Hanang, na kumsomesha bure mpaka kidato cha sita. Msichana huyo alipatikana kwa mbio za Katesh. Wa kwanza ndiye aliyekwenda, basi. Baba yangu, ambaye hakuwa na tabia ya kumsifu mtoto, alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba binti yake anakwenda kusoma mbali.

Sasa, tangu tulipovuna maharage nilikuwa na maumivu kwenye mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti. Yalianza nikikimbia, baadaye yakawa yananifuata hadi kitandani. Sikumwambia mtu. Kwetu mtoto hakuwa na desturi ya kutangaza kila kinachomuuma, na mimi mwenyewe nilidhani ndivyo miguu ya wakimbiaji inavyokuwa.

Tulifika Katesh nyuma ya pikapu ya parokia. Baba alikuja nasi. Nilipokuwa nashuka, Mwalimu Gwandu alikuwa amesimama pembeni akitupokea mmoja mmoja, akaniona jinsi nilivyokanyaga.  Aliniita kando, akaniketisha kwenye jiwe, akaupapasa mfupa kwa kidole gumba mpaka akafika pale penyewe.

"Panauma?"

"Kidogo, mwalimu."

Akabonyeza tena. Safari hii niliuvuta mguu.

"Simama kwa mguu huu peke yake," akaniambia. "Ruka juu."

Niliruka. Nilipotua nilijikuta nimemshika bega ili nisianguke. Aliniuliza maumivu yameanza lini, nikamwambia. Kisha akatazama uwanja, watu wakichora mstari wa kuanzia kwa majivu.

"Leo hukimbii," akasema.

Nilidhani ananipima moyo. Nilimwambia naweza, nimekimbia hivyo hivyo wiki zote. Akasema hilo ndilo linalomtisha. Nikaanza kulia, na baba akaja kuona kuna nini. Mwalimu akamweleza kwamba anahofia mfupa umepata ufa, na kwamba hawezi kuniruhusu.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, huyu si ndiye wa kwanza?"

"Ndiye, mzee."

"Na wa pili ni nani?"

Mwalimu Gwandu hakuangalia pembeni. "Ni Veronika. Mtoto wa kaka yangu."

"Basi nimeelewa," baba akasema, akaondoka.

Veronika alikimbia, akashinda. Nakumbuka hakunyoosha mikono wala kucheka. Alifika mwisho wa mbio, akaketi chini kwenye vumbi, akaficha uso. Tulirudi Tlawi nyuma ya pikapu ile ile, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika kila nyumba: mwalimu amemzuia mtoto wa mwenzake ili wa kwao apate.

Mwalimu aliomba nipelekwe hospitali Haydom. Baba alikubali, na nadhani alikubali ili apate ushahidi. Tulipanda basi tukiwa tumebanana na wagonjwa wengine na ndugu zao. Daktari alikuwa kijana kutoka Kanda ya Ziwa, mwenye subira. Alipiga picha ya mguu, akaiinua kwenye mwanga, akasema hivi: kwa sasa mfupa unaonekana mzima, lakini ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani mapema, hivyo nisikimbie, nipumzike, nirudishwe baada ya wiki kadhaa apige picha nyingine. Yalikuwa maelezo kamili. Baba alichukua nusu yake ya kwanza. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mfupa wa mtoto wangu ni mzima. Daktari ameuona." Mwalimu Gwandu alikuwa pale na mke wake. 

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwake kuliko kwangu, ingawa wakati ule sikuliona hilo. Wazazi waliwatoa watoto kwenye mazoezi. Wengine walisema ahamishwe. Mke wake alipokwenda kisimani, wanawake walinyamaza mpaka ajaze ndoo na kuondoka. Na pamoja na hayo yote, kila siku baada ya shule mwalimu alipandisha kilima kuja nyumbani kwetu. Baba akimwona anakuja, alinyanyuka akaenda kwenye zizi. Mama alimpa kigoda na kikombe cha maziwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, kwa sababu ilikuwa lazima isemwe, uso nikiwa nimeugeuzia ukutani.

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

Niliendelea kutazama ukuta. Alikaa kidogo, akamshukuru mama kwa maziwa, akaenda. Kesho yake akarudi.

Siku moja alimkuta mama akiwasha moto kwa karatasi za daftari. Akainama, akaokota ukurasa uliobaki, akaona ni mwandiko wangu. Mimi ndiye niliyempa mama daftari lile. Akaniuliza kwa nini.

"Kama sikimbii, nitasoma ili iweje?" nilimwambia. "Wasichana wa kwetu hawachaguliwi. Mimi nilikuwa niende kwa miguu yangu."

Alisimama. Sauti yake haikupanda, lakini nilijua amekasirika. "Nani alikuambia kwamba wewe ni miguu tu?"

"Ni wewe, mwalimu."

Sikusema kwa ujeuri. Nilisema kwa sababu ndilo jibu lililokuwepo. Mama aliacha kupuliza moto. Mwalimu Gwandu aliketi tena kwenye kigoda, akaushika ule ukurasa kwa mikono miwili.

"Ni kweli," akasema. "Tangu darasa la tano nimekuuliza umekimbiaje. Hata siku moja sikukuuliza umeelewa nini. Nimefanya hivyo kwa watoto wengi, na nimekosea. Lakini mtihani ni mwezi wa tisa, na wewe una akili. Kwa hiyo leo nakukemea kama baba yako angekukemea. Unikasirikie mimi kadiri unavyotaka, hata mwaka mzima. Vitabu havijakufanya kitu. Usichome daftari."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, na watu wenye vyeo na wasio na vyeo. Sijapata kukemewa na mtu mwingine ambaye kwanza alikubali kosa lake mbele ya mama yangu, akiwa ameketi kwenye kigoda chetu. Kesho yake alipokuja nilikuwa nimekaa nje na kitabu cha hesabu.

Hakunifundisha kama darasani. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Nieleze hesabu za sehemu, kama vile mimi sijui." Nilieleza, nikakwama, akaniuliza kwa nini nimekwama, nikaanza upya. Tukimaliza hesabu tulikwenda jiografia, kisha Kiswahili. Baada ya siku chache Veronika alikuja naye. Alisimama nje ya uzio, amekumbatia vitabu vyake, haingii. Mama ndiye aliyemwita.

"Sikutaka kushinda vile," Veronika aliniambia tulipoachwa wawili.

"Najua," nilimwambia. Siku ile nilisema tu. Baadaye sana ndipo nilipokuja kumaanisha.

Mara moja nilipata ujasiri nikamuuliza mwalimu kama pale Katesh alijua kweli kwamba mfupa una ufa. Nilitegemea aseme alijua. Akasema hapana.

"Sikujua. Nilihofia. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na mwenzetu aliyekimbia na maumivu kama yako kwa sababu sote tulitaka akimbie. Mfupa ulikatika kwenye kona. Nilikuwa karibu, nilisikia. Mpaka leo anatembea na fimbo."

"Na kama daktari akisema tena mguu ni mzima?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Ndivyo alivyokuwa, hakuwa mwepesi wa kujibu. "Basi nitakuwa nimekukosesha shule bure, na itanibidi nikutafutie nyingine. Hata kama mfupa una ufa itanibidi nikutafutie nyingine. Ndiyo maana unaniona hapa kila siku."

Kabla ya mtihani tulirudi Haydom, baba na mimi. Daktari alikuwa yule yule. Alipiga picha, akaitazama, akamwita baba asogee kwenye mwanga. Kwenye mfupa wangu palikuwa na uvimbe mdogo mweupe, kama fundo kwenye tawi. Akasema hapo ndipo ufa ulipokuwa, na kwamba mfupa umejiunga vizuri kwa kuwa nilipumzika mapema.

"Angekimbia siku ile?" baba akauliza.

"Huenda angemaliza. Huenda mfupa ungekatika kabisa. Mimi nisingemruhusu, mzee."

Baba alimwomba arudie, na daktari akarudia. Ndani ya basi baba aliiweka ile picha magotini, akaishika hivyo hadi mwisho wa safari. Tulipotelemka hakuelekea nyumbani. Alielekea kwa Mwalimu Gwandu, nami nikafuata nyuma yake taratibu.

Mwalimu alikuwa anachambua maharage na mke wake. Akamwona baba, akasimama. Baba akasema, "Mwalimu, nimekuja." Mwalimu akasema, "Karibu, mzee, keti." Wakaketi. Walizungumza habari za mvua, kama zitawahi. Walizungumza habari za ndama wa mwalimu aliyekuwa anaharisha, na baba akamwelekeza dawa ya mizizi. Picha ilikuwa kwenye mapaja ya baba muda wote, na hakuna aliyeitaja. Baba alipoinuka kuaga aliiacha kwenye kigoda alichokalia.

"Kesho utakuja kumwona mtoto?" akauliza.

"Nitakuja."

"Nitakuwepo," baba akasema.

Jumapili, nje ya kanisa, baba alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. Akasema, "Siku ile nilisema hapa kwamba mfupa ni mzima. Haukuwa mzima. Mwalimu aliona sawa."  Watu walimwendea mwalimu kumshika mkono, na wengine waliona aibu wakapitia nyuma. Watoto walirudi mazoezini polepole, si wote.

Nilifaulu. Nilichaguliwa sekondari ya serikali, ya bweni, mbali kidogo na kwetu, na baba alipoona mahitaji aliyotakiwa kuyatimiza alishinda zizini akiwahesabu ng'ombe. Hapo ndipo tulipojua alichokuwa anafanya Mwalimu Gwandu siku za Jumamosi. Alikuwa anazunguka kwa watu aliowahi kuwafundisha kukimbia: mkulima mmoja wa Tumati, fundi seremala, muuguzi wa Haydom, na wengine. Mmoja alileta gunia la mahindi la chakula cha bweni, mwingine maharage, seremala alitengeneza sanduku. Muuguzi alileta blanketi na viatu, akasema ana sharti moja. Kila likizo nipitie kwake, na atatazama alama zangu za darasani kabla ya kuniuliza habari za mbio. Alilishika sharti hilo miaka yote minne, na mara mbili alinirudishia karatasi ya matokeo bila kusema neno, nikajua.

Nilianza tena kukimbia nikiwa kidato cha kwanza. Mguu ulipona, ila kasi ile haikurudi. Nilishika nafasi ya nne, nafasi ya sita, mwaka mmoja sikuchaguliwa kabisa katika timu ya shule. Nilikuwa na hofu wale watu wakisikia watachoka nami. Mahindi yaliendelea kuja. Mwaka ule ambao sikuchaguliwa, yule mkulima wa Tumati aliyaleta mwenyewe, akaniuliza kama baiolojia ni ngumu.

Mwisho wa habari si mkubwa. Nikawa mwalimu wa sekondari, nikafundisha Hanang na baadaye Mbulu, nikastaafu. Veronika alimaliza kidato cha sita kule Kilimanjaro, akawa bibi shamba. Tunapigiana simu, na tukianza kuzungumza hatuachi mpaka chaji iishe. Hatukuwa mabingwa wa taifa, wala hakuna aliyetuandika gazetini. Mwalimu Gwandu alifariki akiwa mzee, nyumbani kwake, akiwa na wajukuu.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu, wewe na wenzako. Mtoto mwenye kipawa cha mbio atasifiwa na watu wengi kwa mbio zake. Wewe uwe yule anayemuuliza habari za darasani, na umuulize mapema, kabla hajafika mahali pa kuamini kwamba hana kingine. Ukiona ameumia, mzuie, hata kama wafadhili wamekaa pembeni wanatazama, hata kama ukoo wako ndio utakaonufaika na watu watakusema. Ukiulizwa habari ya ukoo huo, usijifiche, taja. Wala usingoje uwe na uhakika wote, maana uhakika mara nyingine huchelewa kuliko mbio. Lakini ukishamzuia mtoto, huna ruhusa ya kwenda zako. Umemfungia mlango, kwa hiyo kaa naye, vumilia hasira yake, mtafutie njia nyingine. Wengi wanajua kukataza. Kurudi kesho yake ndiko kunakowashinda.

Na kuhusu ufadhili, wasemeshe wenye mali kwa ustaarabu. Waambie msaada unaotolewa kwa ushindi peke yake unamwacha mtoto siku anayouhitaji zaidi. Atashuka, kila mkimbiaji hushuka. Waulizwe mapema kama watakuwa bado wanamsomesha akiwa wa sita. Wakisema ndiyo, wakabidhi mtoto. Wakisita, endelea kutafuta, hata kama utapata gunia moja moja kwa watu kumi wasio na jina.

Na haya yakimfikia mkimbiaji mwenyewe, ninamwambia: sema panapouma. Hakuna shule wala kikombe kinachostahili unyamaze.

Mungu akutie nguvu katika kazi hii uliyoianza. Akupe utulivu watu wanapokuelewa vibaya, na ndugu watakaokushika mkono baadaye. Wanafunzi wako wakue wazima wa mwili na wa akili, wapate kula jasho lao, na siku ya uzee wako wapitie nyumbani kwako kukuamkia. Amina.